Matundu Mawili Juu ya Dirisha

Mimi nilizaliwa katikati, na katikati nimekaa. Gicheru, kaka yangu mkubwa, analima chai hapa Othaya na hajui moto mwingine ila wa kuni. Tabby, kitinda mimba wetu, anafunga mitambo ya sola Nyeri mjini, na akianza kuhubiri habari za tabianchi, chai inapoa vikombeni. Wakikutana kwa Mama, basi ni vita.

"Mvua siku hizi inakuja ikitaka," Tabby alikuwa akisema. "Miti mnamaliza, halafu mnauliza maji ilienda wapi. Na huyu Mama anakohoa moshi kila siku."

"Na hiyo sola yako itamwotesha Mama moto Julai?" Gicheru alikuwa akijibu. "Hapa wiki mbili zinaisha hatujaona jua. Ati baridi ingoje betri."

Nikiulizwa, nilisema wote wawili wana haki. Niliamini hivyo, na bado naamini. Mito imepungua nikiiona kwa macho yangu, na baridi ya Julai nayo haisikii mahubiri ya mtu. Mama apikie gesi, nilisema, na kibanda chake cha kupikia kibaki cha kuotea moto mpaka tupate kitu bora.

Gicheru alicheka. "Ngatia, njia mbili zilimshinda fisi."

Ningesimama hapo hapo nilipokuwa nimesimama, Mama angekuwa hai. Lakini mimi ni fundi wa mawe, na ubaya wangu ni kupenda kufurahisha watu. Tabby alilia kwamba kile kibanda kitamuua Mama kwa kifua, nikakibomoa. Kilikuwa cha mbao, na nyufa zake zilipitisha kidole. Nikamjengea nyumba ndogo ya mawe, gesi kwenye kona, taa za sola, dirisha la vioo na matundu mawili ya hewa juu yake. Mama akaacha kukohoa. Tabby alikuwa amesema kweli.

Julai ukungu ulishuka ukakataa kuondoka. Mama alinishika mkono, vidole vyake vimekufa ganzi.

"Ngatia, nyumba yako ni nzuri, lakini inaniuma mifupa. Hapo juu panaingiza upepo."

Nilipanda kiti, nikaikata sweta yangu ya kazi vipande viwili, nikaziba matundu. Akaniombea baraka. Wiki hiyo hiyo Gicheru alinipa jiko na gunia la makaa, nimpelekee Mama kimyakimya, Tabby asijue. Nikapeleka. Nilimwambia aotee nje, kwenye veranda, naye akaitikia. Nani anaota moto nje ukungu ukiwa mlangoni? Nilijua hivyo hata nilipokuwa nikisema. Ile sweta sikuikumbuka. Naapa sikuikumbuka.

Jumapili Mama hakuonekana kanisani. Nilisukuma mlango nikamkuta kitini, shuka magotini, jiko miguuni limebaki majivu. Dirisha lilikuwa limefungwa. Nilimwita kama vile amesinzia, nikamwita tena.

Siku ya mazishi, watu walipokwisha kwenda, tulibaki sisi watatu mle ndani.

"Makaa yako ndiyo ilimuua," Tabby alimwambia Gicheru, akilitazama lile gunia lake.

"Na nani alimnyima kibanda chake? Alikaa humo na moto miaka hamsini na hakufa."

"Alikuwa anakufa polepole, hukuwa unaona."

Wakanigeukia, kama kawaida. "Ngatia, si useme wewe."

Nilivuta kiti cha Mama nikapanda. Nilichomoa kipande kimoja, kisha cha pili. Vilikuwa vimejaa vumbi, lakini kola bado ilionekana, na kifungo alichonishonea Mama kwa uzi mwekundu kwa sababu hakupata mweusi.

"Hii ni yangu," nikasema. "Kibanda nilibomoa mimi. Makaa nilileta mimi. Na hapa niliziba mimi."

Nilibaki juu ya kiti. Gicheru alinyoosha mkono akavichukua vile vipande, akawa anakizungusha kile kifungo kwa kidole gumba bila kunitazama. Upepo ulikuwa umeanza kuingia. Tabby alijikunja ndani ya shali yake, akatazama juu ya dirisha, na ndipo machozi yakamtoka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Kumbe hii nyumba ilikuwa baridi hivi," akasema.