Ukosi wa Shati la Okeny

Mgeni ni kuku mweupe, walisema wahenga, na Kavugho aliyasadiki maneno hayo siku ya tatu tangu afike Kampala, alipofungua kinywa katika soko la Kasubi kuuliza bei ya ndizi. Aliuliza kwa Kiswahili, kile alichofundishwa na masista kwao Butembo, Zaire, kwa fimbo na kwa sala, kila neno likiwa limevikwa kiambishi chake. Wanawake watatu waliokuwa wakicheka wakanyamaza. Mmoja akajitanda upya leso yake. Mwingine akaanza kuyapanga mafungu ambayo tayari yalikuwa yamepangika. Muuzaji akamtajia bei ya chini mno, bei ambayo mtu humtajia anayemwogopa, naye Kavugho akarudi nyumbani na mkungu mzima wa ndizi na moyo uliosinyaa.

"Hapa Kiswahili ni lugha ya bunduki," mumewe Anselme alimweleza jioni ile. Anselme alikuwa ametangulia kwa miaka miwili, naye alitengeneza masanduku ya bati katika karakana moja ya Katwe. "Wanaokisema ni askari, pamoja na wale wanaowapelekea askari habari. Wewe wauliza bei, wao wasikia amri."

"Basi nizungumze lugha gani, Papa Anselme? Kinande cha kwetu?"

"Nyamaza kwa lugha zote."

Lakini Kavugho hakuumbiwa kunyamaza. Mwezi wa kwanza aliujifunza mji kwa miguu: siku za Jumapili alipanda kilima cha Lubaga, ambako angalau kengele zilisema lugha aliyoijua, siku za kazi aliteremka Katwe na chakula cha mumewe, akipita katikati ya nyundo zilizogonga bati mpaka meno yakamcheza. Kila alipopita aliuliza. Njia hii yaelekea wapi? Yule ni mtoto wa nani? Mumeo anafanya kazi wapi, mama, na atarudi lini? Kwao Butembo, kutomwuliza jirani habari za mumewe ni kumwambia kwamba hata akifa hutamzika. Hapa swali hilohilo liliwafanya watu watazame viatu vyake.

Nyumba waliyopanga ilikuwa safu ya vyumba vinne yenye ua mmoja, bomba moja na kamba moja ya kuanikia nguo. Mwenye nyumba, Bi Habibah, mjane Mganda aliyekwisha kuota mvi, alikaa barazani kutwa kucha akisuka mikeka. Alisikia kila kitu na hakusema chochote. Katika chumba kilichopakana na cha Kavugho aliishi Aloyo, mwanamke Mwacholi, mrefu, mwenye mimba ya miezi saba. Mumewe, Okeny, alikuwa polisi hadi alipofukuzwa kazi pamoja na wenzake wa kaskazini. Sasa, kwa maelezo ya Aloyo, aliendesha lori la kahawa. Eti alirudi kila Ijumaa usiku wa manane na kuondoka kabla jogoo hajawika, akimwachia mkewe shati la kufua.

Kila Jumamosi asubuhi Aloyo alilifua shati hilo jeupe bombani, akalianika penye ncha ya kamba, upande unaoonekana kutoka barabarani.

Mtu mwingine asingeliona neno. Kavugho alikuwa dobi, binti wa dobi. Mwezi wa pili tu alikuwa amepata wateja, akiwafulia na kuwapigia pasi ya mkaa hapo uani, na jicho lake lilikwenda kwenye nguo za watu kama jicho la mganga liendavyo kwenye ulimi wa mgonjwa. Shati la dereva lina habari nyingi: mstari mweusi wa jasho kwenye ukosi, vumbi katika mikunjo ya viwiko, mafuta kwenye ncha za mikono. Shati la Okeny halikuwa na habari yoyote. Maji ya kufulia yalitoka kama yalivyoingia. Tena mwaka ule, mwaka wa sabini na saba, sabuni ilikuwa adimu kuliko nyama. Watu walikata mche mmoja kwa uzi, vipande vyembamba kama kaki ya altareni. Nani basi angeipoteza sabuni juu ya nguo safi?

Jambo la pili lilimkosesha usingizi. Ukuta uliowatenga ulikuwa mwembamba kiasi kwamba alimsikia Aloyo akigeuka kitandani. Kikohozi cha mwanamume hakuwahi kukisikia, si Ijumaa wala siku nyingine.

La tatu lilimtia baridi. Jumamosi, shati likiisha kuanikwa, gari jeupe lisilo na namba lilipita barabarani polepole, likapunguza mwendo mbele ya ua, kisha likaenda zake.

"Ile ni ishara," alimnong'oneza mumewe. "Mwanamke yule anawapelekea habari. Shati likiwa nje, maana yake nini? Sisi tupo? Wewe upo?"

"Maana yake shati linakauka. Lala."

Mtu mmoja tu katika mji ule alizungumza na Kavugho pasipo kuogopa. Jina lake Sulaimani, mtu wa makamo, mwenye viatu vilivyong'aa na Kiswahili kilichonyooka. Alileta mashati yake kila Jumatano, akakaa juu ya kigoda, na malipo yake yalikuwa mche mzima wa sabuni. Alizungumzia mvua, ubora wa wanga, uvivu wa vijana. Hakuuliza kitu, na huko kutouliza ndiko kulikomfungua Kavugho. Mtu aliyekaa siku nyingi bila mazungumzo ni kama mtungi uliojaa. Haumwagiki kwa kusukumwa tu, bali hata kwa kuguswa.

"Mji huu umejaa watu wa ajabu, Bwana Sulaimani," alisema Jumatano moja ya mwezi wa tatu, akipuliza mkaa wa pasi. "Jirani yangu anafua shati ambalo halikuchafuka."

"Wanawake na usafi, Mama Dobi."

"Si usafi. Shati la mumewe. Kila Jumamosi, naye mume sijamwona tangu nifike."

Mguu wa Sulaimani, uliokuwa ukichezacheza, ukatulia. "Halina uchafu hata kidogo? Hata ukosini?"

"Ukosini ndiko kweupe zaidi!"

Sulaimani alicheka kwa upole, akasimama, akajipangusa suruali. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. "Umefanya vyema kunieleza. Maskini, labda mume amemtoroka." Kisha akaenda zake, akiacha furushi la mashati sita.

Kavugho alilifungua kabla ya kuloweka, kama alivyofundishwa na babaye, ili kuzitazama alama. Kila dobi ana alama yake, uzi wa rangi anaoushona ndani ya upindo ili asichanganye nguo za wateja. Mafurushi yaliyotangulia hayakuwa na alama, naye alidhani Sulaimani ni mtu wa kufuliwa nyumbani. Safari hii shati la kwanza lilikuwa na msalaba wa uzi mwekundu. La pili lilikuwa na nukta mbili za samawati. La tatu lilikuwa na mstari wa manjano, na la nne msalaba tena, lakini wa kijani. Akazipima kosi kwa shubiri yake: hapana mbili zilizolingana, na hata mmoja usingaliizunguka shingo nene ya Sulaimani. Kwenye shati la sita, chini ya mfuko, palikuwa na doa la rangi ya kutu. Kavugho alilijua doa la namna hiyo. Halitoki kwa maji ya moto. Damu hutolewa kwa maji baridi na chumvi.

Aliketi chini palepale uani. Mtu mmoja hafuliwi na madobi wanne.

Anselme aliporudi alimkuta angali ameketi. Alimsikiliza mpaka mwisho, akavua kofia, akaivaa tena.

"Basi Okeny amekimbia," akasema kwa sauti ya chini. "Amevuka mpaka. Mkewe analianika shati ili wanaopita wadhani angali anarudi, maana wakijua ametoroka watamchukua mke awe kamba ya kumvutia mume. Na mwanamke mwenye tumbo lile hawezi kukimbia haraka. Kavugho, ile haikuwa ishara. Ilikuwa pazia, nawe umelifunua."

Alhamisi asubuhi alikwenda kubisha kwa Aloyo. Aloyo alisimama mlangoni bila kumkaribisha.

"Shati la mumeo halijavaliwa tangu nihamie hapa," Kavugho alisema. "Nami nimelitaja mbele ya mtu ambaye sikupaswa kulitaja."

"Mama Zaire, mume yangu anarudi kila Ijumaa. Wewe unalala sana."

"Nisikilize, dada yangu."

"Dada?" Aloyo alicheka bila furaha. "Miezi miwili unaniuliza mume wapi, mume wapi, kama karani ya kodi. Leo mimi dada. Nani amekutuma?"

"Kama ningetumwa, ningekuja kukuonya?"

"Ndiyo," Aloyo alijibu, mkono wake ukiwa juu ya tumbo. "Hivyo ndiyo wanafanya. Wanakuja wanakuonya, wanatazama utakimbia wapi."

Kavugho aliona kwamba yeye mwenyewe angelisema hivyohivyo. "Basi usiniambie lolote," akasema hatimaye. "Sitaki kujua aliko. Nipe shati tu, siku moja."

Mlango ukafungwa.

Jioni, alipokuwa akikusanya nguo za kupigwa pasi, alilikuta shati katikati ya rundo, limekunjwa vizuri. Hakumwona aliyeliweka. Bi Habibah alikuwa barazani na mkeka wake, uso wake ukielekea kwingine.

"Unataka nivae shati la mtu anayetafutwa?" Anselme aliuliza kesho yake alfajiri.

"Ndani ya koti. Ulifunge mpaka shingoni, ukae karibu na moto, na ufanye kazi kweli. Leo si siku ya kupumzika kivulini."

"Mke wangu, tangu lini umenisikia nimepumzika?"

"Ukosi utatuambia."

Ukosi ulisema kweli. Usiku ule Kavugho aliugeuza penye taa na kuuona mstari mweusi, mnene, wa kazi ya kutwa. Kabla ya mapambazuko alilitia shati katika beseni la Aloyo mlangoni pake.

Jumamosi Aloyo alikuwa ndiyo kwanza anafungua bomba, Sulaimani alipoingia uani. Haikuwa Jumatano, wala hakubeba furushi. Alilisalimia baraza, akainama juu ya beseni, akalitoa shati lingali kavu.

"Mama Dobi, njoo. Wewe ndiwe fundi. Shati hili limevaliwa, au halikuvaliwa?"

Kavugho aliweka pasi chini. Akaenda mpaka bombani. Alilipokea shati, akaugeuza ukosi, na harufu iliyompanda puani ilikuwa ya mumewe mwenyewe, harufu aliyoijua kwa miaka tisa. Aliogopa kwamba uso wake ungeonyesha mbele ya watu kwamba ameitambua.

"Limevaliwa," akasema.

"Jumatano ulisema mengine."

"Jumatano nilisema maneno ya mwanamke mwenye kijicho. Yeye ana mume wa kumfulia shati moja kwa wiki. Mimi nafua ya mji mzima mpaka vidole vimechubuka. Nusa mwenyewe, Bwana Sulaimani."

Alilinusa. Akalinusa tena. "Moshi," akasema taratibu. "Tangu lini dereva ananuka moshi wa makaa?"

Aloyo ndiye aliyejibu, akiwa amejishika kiuno kwa mkono mmoja.

"Bwana mkubwa, wewe hujapata kulala porini na lori mbovu. Wanapika chini ya lori, wanaota moto chini ya lori. Nafuu moshi. Wiki ile alinuka mbuzi."

Mtu mmoja katika chumba cha mwisho alicheka, kisha akajutia kicheko chake. Sulaimani aliwatazama wanawake wale wawili, mmoja baada ya mwingine, kwa muda uliotosha mtu kusali Baba Yetu. Kisha akaliachia shati likaanguka majini.

"Msalimie mumeo," akamwambia Aloyo. Akachukua mashati yake sita yaliyopigwa pasi, akaondoka bila kutoa sabuni.

Aloyo hakumshukuru Kavugho. Hakumtazama hata kidogo. Alifua, akasuuza, akaanika. Jumatatu asubuhi alitoka na beseni kichwani, akienda mwendo wa mtu anayekwenda chemchemi, wala hakurudi. Kavugho alipoingia chumbani mwake mwenyewe jioni alilikuta shati juu ya kitanda cha Anselme, limekunjwa. Hakupata kujua liliingizwa lini. Hakumwuliza mtu yeyote.

Ijumaa iliyofuata Anselme alilivaa bila kuambiwa. Jumamosi Kavugho alilifua, akalianika penye ncha ya kamba, upande unaoonekana kutoka barabarani. Alihesabu siku kimya kimya: wiki moja kwa mwanamke mwenye mimba ni mwendo gani? Mpaka wa mashariki u mbali kiasi gani? Gari jeupe likaja, likapunguza mwendo, likalitazama shati. Likapita.

Ndipo Bi Habibah, ambaye kwa miezi mitatu hakuwahi kumwambia neno lisilohusu bomba au ufunguo, alipoinua macho kutoka kwenye mkeka wake.

"Mume ya Aloyo alirudi jana usiku," akasema kwa sauti iliyofika barabarani. "Mimi nimesikia yeye anakohoa."

Kavugho aligeuka, kibanio kikiwa bado mkononi. Aliutafuta uso wa yule mzee, kama ni uso wa mtu anayekushika mkono gizani ama wa mtu anayepima kina cha maji kabla ya kukusukuma humo. Hakuona kitu. Vidole vya Bi Habibah viliendelea kusuka, ukili juu, ukili chini.

Kavugho alikibana kibanio kwenye kamba.

"Hata mimi nimemsikia, Bibi," akajibu. "Kikohozi chake hicho, sijui kitapona lini."