Makala Namba 871

Saa tatu kasorobo asubuhi Mpimaji alibofya makala ya mwisho kwenye orodha yake, ikafunguka, akaandika "wazi", kisha akaenda kuchemsha chai. Kazi yake pale maktaba ya chuo ilikuwa hiyo: kuchukua makala elfu mbili za sayansi ya jamii, kuzijaribu moja moja, na kuhesabu ngapi mtu yeyote anaweza kuzisoma bure. Miaka kumi nyuma zilikuwa robo. Sasa karibu zote. Mkuu wa maktaba alifurahi hadi akamwita "kijana wangu", ingawa Mpimaji mwenyewe ana mvi kichwa kizima.

Makala namba 871 ilimhusu shangazi yake. Mtafiti alimjia na kinasa sauti, shangazi akamsimulia nyumba yake ilivyobomolewa. Makala ikachapishwa, ikafungwa kwa wasiolipa, na maneno ya shangazi yakafungwa nayo. Tangu hapo akifika kwenye habari ya nyumba midomo inacheza, sauti haitoki. Daktari alimmulika koo, akasema wanaohojiwa huwa hivyo, asubiri makala ifunguliwe.

"Imefunguka, shangazi," Mpimaji alimwambia kwenye simu. "Nimeiona kwa macho yangu."

"Afadhali, mwanangu. Ijumaa baraza la ardhi linanisikiliza. Nilishataka kuomba waahirishe, sasa basi."

Alhamisi jioni shangazi alijaribu mbele ya wajukuu. Kimya. Akampigia Mpimaji, aliyekuwa kituo cha basi, naye akaitafuta makala kwa simu yake. Ikamdai malipo. Lo! Kumbe kompyuta za chuo hufungua kila kitu kwa sababu chuo kimeshalipia. Miezi yote ile alikuwa amekaa sebuleni akipima kama mlango umefungwa kwa nje.

Akarudi mbio ofisini, akaichapa makala yote. Alipovuka geti, karatasi zikawa nyeupe.

"Zote hufanya hivyo," mlinzi akamwambia. "Pipa lile pale."

Akapanda kwa mkuu, akaeleza kosa lake lote. Mkuu akavua miwani.

"Ripoti imeshakwenda kwa wafadhili. Sasa unataka tuseme nini? Kwamba tulikuwa tunacheza?"

Mpimaji angeweza kubisha. Alisema, "Sawa, mkuu," na neno hilo linamchoma mpaka leo.

Ijumaa shangazi alisimama mbele ya baraza, kavaa vizuri, akafungua kinywa. Midomo ilicheza robo saa nzima. Wajumbe walisubiri kwa heshima, maana si wa kwanza. Mpimaji akaomba amsemee. Mwenyekiti akamjibu kwamba anasikilizwa mwenye nyumba tu. Karani akaandika: shahidi hana la kusema. Shauri likafungwa.

Mpimaji hakuthubutu kumtazama shangazi usoni. Wiki nzima alikula kwa shida, na kila alipotaka kuomba radhi, shangazi alimuuliza kama amekula.

Mwezi uliofuata ripoti ilichapishwa, bure kwa kila mtu. Shangazi aliifungua kwa simu yake mwenyewe, sebuleni kwa Mpimaji, bila kudaiwa chochote. Akateremka na kidole chake hadi 871, akasoma kwa sauti safi kabisa:

"Wazi."

Kisha akamgeukia. "Hii umeiandika wewe, mwanangu?"

"Ni mimi, shangazi."

"Inasomeka vizuri," akasema.