Msusi Ataiweka Wapi Bastola

Siri ya Hélène ilidumu kuanzia Jumatatu asubuhi mpaka Jumatatu hiyo hiyo saa ya chai. Alimwambia Murielle peke yake, msaidizi wake wa saluni, tena kwa kumnong'oneza huku mashine ya kukaushia nywele ikinguruma: anakwenda kuchagua bastola, ndogo, ya kuficha mwilini. Murielle akaapa kwa jina la mama yake. Chai haijapoa, fundi cherehani wa mlango wa pili akapita kuuliza kama itakuwa nyeusi au ya kung'aa, na mama muuza pondu, yale majani ya muhogo, wa kwenye kona akatuma ujumbe kwamba inunuliwe yenye mlio mkubwa, maana mwizi huogopa kelele.

"Murielle, mdomo wako hauna kifuniko?"

"Yaya, dada yangu, nilimwambia mtu mmoja tu!"

"Nani?"

"Mama wa pondu."

"Ah! Si ungepanda tu ukuta upige filimbi, mtaa mzima wa Troyeville ukusanyike."

Murielle akacheka, na Hélène naye akacheka, lakini macho yake yalikuwa getini. Siku hizi macho yake yalikuwa getini daima.

Saluni ile ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake mwenyewe, na tangu afiwe na mume wake haikuwahi kupoa. Watu walikuja kusukwa wakabaki kula. Wengine hawakuwa hata na nywele za kusukwa. Walikuja kusikia nani kaolewa, nani kafukuzwa kazi, nani kaonekana Newtown na nani. Geti lilifunguliwa kwa kitufe kilichokuwa ukutani kando ya kioo, na Hélène alikibonyeza bila hata kuinua kichwa. Ndivyo alivyokibonyeza siku ile alipokuja mwanamke mmoja mzuri, mwenye heshima, kuuliza bei ya rasta. Nyuma ya yule mwanamke wakaingia wanaume wawili. Walichukua simu, mikoba, pete ya ndoa, na mmoja alimkandamiza Hélène sakafuni kwa goti mgongoni mpaka akaonja vumbi la nywele za watu.

Hakufa mtu, tumshukuru Mungu. Kila aliyekuja kutoa pole alimalizia hivyo. Lakini kidole cha Hélène kilikataa kazi. Kengele ikilia, kidole kinafika kwenye kitufe, kinaganda. Wageni walijibiwa kupitia dirishani kwamba leo tumejaa, na viti vitatu vitupu vikisikiliza. Wateja wa zamani walisimamishwa barabarani mpaka waonyeshe uso. Nyumba ikaanza kunyamaza. Hélène alijua saluni isiyofungulia mgeni haifiki mbali, na nyumba iliyonyamaza hakuiweza. Alitaka kitu kimoja tu: aweze tena kubonyeza kile kitufe.

Aliyempeleka dukani ni Wamaitha, Mkenya wa benki kule Sandton, mteja wake wa miaka. Wamaitha alikuwa na bastola, na alizungumza habari zake kama wengine wanavyozungumza habari za viatu. Kwenye gari hakunyamaza.

"Cheti cha mafunzo uko nacho, makaratasi ya ukaazi wa kudumu uko nayo. Kilichobaki ni kuchagua. Ukichagua, inakaa kwa sefu yao mpaka polisi wakupe leseni ya hiyo hiyo. Kwa hivyo usichague kwa macho, sawa? Aki usiniaibishe."

Hélène alichagua kwa macho. Kwenye kioo cha duka aliiona moja ndogo, bapa, ya kuingia kiganjani kama simu ya zamani, akainyooshea kidole kabla hata hajasalimia.

Mwenye duka, Bwana Fourie, mzee mwenye upara na ndevu nyeupe, alitabasamu. "Kila mtu huanza na hiyo. Ijaribu kwanza."

Kwenye chumba cha shabaha nyuma ya duka ile ndogo ilimpiga teke la mkono mpaka kiwiko. Kuvuta chuma chake cha juu kulihitaji nguvu ambazo vidole vyake, vilivyochoka kwa kusuka, havikuwa nazo. Bwana Fourie akampa nyingine, nene kidogo, ya risasi nyingi zaidi. Hiyo ilitulia mkononi kama iliyozaliwa naye. Risasi zikaingia kwenye karatasi, si katikati, lakini kwenye karatasi.

"Nyepesi ina hasira," Bwana Fourie akasema. "Nzito ni mpole, ila inaonekana chini ya nguo. Usiamue leo." Akamwazima bastola mbili za plastiki ya buluu, za mazoezi, sura na ukubwa ule ule wa zile za kweli, pamoja na ala za kuvaa kiunoni. "Ishi nazo mpaka Jumamosi ijayo. Mwili wako utakuambia."

Hakuna aliyemtahadharisha Bwana Fourie kwamba watu wa Hélène husalimiana kwa kukumbatiana.

Jumapili alivaa ile nene ubavuni, chini ya kitenge kipana. Mlangoni pa kanisa akina mama wakampokea kama kawaida, paji kwa paji, kushoto, kulia, kushoto, ila mikono haikutulia mabegani. Ilishuka. Ilipapasa. Kukumbatiana kukawa upekuzi wa uwanja wa ndege.

"Iko upande wa kulia," mmoja akamtangazia mwenzake.

"Sijaigusa bado. Mama Hélène, njoo nikusalimie vizuri!"

"Mtaniua kabla ya wezi," Hélène akafoka, na wao wakacheka mpaka mchungaji akachungulia.

Jumatano akaihamia ile ndogo, akaiweka mbele, chini ya kitovu, ndani ya aproni ya kazi. Hapo, akajiambia, hapo hapafiki mtu. Asubuhi nzima alijitazama kiooni kila alipopita. Alikaa, akasimama, akachungulia getini, akavuta aproni, akachungulia tena. Murielle akamwambia anamtia kizunguzungu.

Mchana akaja Mama Brigitte wa Bukavu, mwimbaji wa kwaya, aliyesukwa hapo tangu saluni ilipofunguliwa. Alikuwa mcheshi, ila kuna miaka ya kwao aliyoiruka katika mazungumzo, na watu walimwacha airuke. Akakaa, akaanza kueleza harusi ya Bertrams, jinsi bibi harusi alivyochelewa na keki ilivyoinama. Hélène alisuka kisogo, akapanda juu, akafika utosini. Na kama ilivyo kwa kila msusi, mkono ukifika utosini kichwa cha mteja hurudi nyuma na kuegemea tumbo la anayemsuka. Ndipo watu husinzia. Ndipo pia hutoa siri zao.

Mama Brigitte akaegemea.

Harusi ikakatika katikati ya neno. Mikono yake ikapanda kutoka mapajani, polepole, viganja wazi, ikasimama hewani kando ya masikio.

"Chukua vyote," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, ya msichana. "Watoto wako nyuma ya nyumba. Usiwaguse, nakuomba."

Watoto wa Mama Brigitte walikuwa watu wazima; mmoja alikuwa dereva wa malori.

"Mama Brigitte, ni mimi! Ni plastiki, tazama, plastiki!" Hélène aliichomoa, akaizungusha mbele ya uso wake, na alipoona anavyoitazama akaitupa kwenye beseni la taulo. Murielle akalifunika beseni kwa taulo jingine.

Mikono ikashuka. Mama Brigitte akavuta pumzi, akajaribu kucheka. "Nilijua. Huyu Murielle alinieleza mpaka rangi yake. Kichwa kilijua, mikono ndiyo haikujua." Akachukua kitambaa chake, akajifunga juu ya kichwa kilichosukwa nusu. "Sikulaumu, mwanangu. Hata mimi ningekuwa wewe ningetafuta kitu. Lakini ile ya kweli ikija, kichwa changu utakiegemeza wapi?"

Akatoka na nusu ya nywele zake zimesimama chini ya kitambaa. Mpaka jioni mtaa mzima ulikuwa na habari hiyo.

Hélène hakulala vizuri. Aliitafutia bastola mahali kama mtu anayemtafutia mgeni kitanda. Ubavuni? Anainua mikono kutwa, blauzi inapanda. Mguuni? Akisuka kisogo anapiga magoti, na watoto wa wateja wanatambaa humo humo. Alimpigia Wamaitha.

"Si uweke tu kwa mkoba?"

"Mkoba ndicho kitu cha kwanza walichobeba."

"Basi kwa sefu, chumbani."

"Mpaka nifike chumbani wameshakula na kunawa."

Jumamosi Bwana Fourie alikuwa amemwandalia ya tatu, nyembamba kuliko zote. Hélène aliishika. Ilikuwa nzuri, hakuna uongo. Kiganja kilijifunga chenyewe. Kwa muda aliona geti, kitufe, kidole kikibonyeza bila kuganda. Kisha akahisi uzito wa kichwa tumboni.

"Bwana Fourie, mtu akikuegemezea kichwa hapa tumboni, kutwa nzima, mmoja baada ya mwingine, wewe ungeivaa wapi?"

Mzee akafikiri kwa kweli, akajipapasa upara. "Sijawahi kuulizwa hilo, Mama."

Hélène akairudisha juu ya kioo, taratibu, mtutu ukitazama ukutani kama alivyofundishwa. "Asante. Sichukui."

"Na ule woga wote?" Wamaitha akauliza garini, robot, ile taa ya barabarani, ikiwa nyekundu, sauti yake nusu hasira.

"Narudi nao nyumbani. Nifanyeje?"

Aliporudi, alimpigia Mama Brigitte mwenyewe, bila kumtuma Murielle. Jumatatu Mama Brigitte akaja, akafungua kitambaa, akakaa. Kabla ya kuegemea alinyoosha mkono nyuma akalipapasa tumbo la Hélène, juu, chini, ubavuni, bila haya. Kisha akaegemea.

Walikuwa karibu kumaliza utosi kengele ilipolia. Getini alisimama mwanamke wasiyemjua, miwani ya jua kichwani, akionyesha picha ya mtindo kwenye simu. Murielle akabandika uso dirishani. "Karibu, dada! Unatoka wapi? Nani kakuelekeza? Unasali wapi?"

Kidole cha Hélène kilikuwa kimefika kwenye kitufe. Kikaganda.

"Tumbo lako linapiga mbio," Mama Brigitte akasema, macho yamefumbwa.

"Najua."

"Yuko peke yake?"

"Namwona peke yake. Nyuma ya ukuta sioni."

"Bon. Fungua au usifungue, ila amua. Shingo inaniuma."

Hélène akaikaza miguu yake miwili sakafuni, kama anayengoja teke. Akabonyeza. Geti likaguruma, likaachia. Hakuondoa macho pale mpaka yule mgeni alipoingia, na hata alipoingia bado aliendelea kutazama nafasi iliyobaki wazi nyuma yake.

"Dada," akaita, "lisukume hilo geti lijifunge. Kwa nguvu. Halafu njoo ukae."