Moto wa Kumi na Tisa

Kwetu Mnyambe, huko juu Newala, ukikusanya wanaume wa vijiji vitano humpati hata mmoja mwenye govi. Atoke wapi? Mtoto akifika umri wake anapelekwa jandoni, na kisu kilikuwa changu, kama kilivyokuwa cha baba yangu. Kwa hiyo mwaka wa vita vya Maji, askari wawili wa Mjerumani waliponijia wakisema ngariba anatakiwa kambini Masasi, nilidhani wananitania.

Hawakutania. Askari pale walikuwa sitini. Mkubwa wao, Shaushi Mahmudu, sajini Msudani, alinipangia mstari wa vijana wapya waliotolewa bara. Kumi na tisa hawakutahiriwa.

"Wenzao hawali nyama waliyochinja hawa," akasema. "Hata sahani moja hawataki. Nitapiganaje na jeshi linalogombania sufuria?"

"Kumbe raia tumewashinda," nikamwambia. "Sisi washenzi wa porini tumetahiriwa wote. Jeshi la serikali, theluthi nzima magovi!"

Shaushi akacheka mpaka tarbushi ikamwinama.

"Na bwana mkubwa mwenyewe, Mjerumani wenu, je? Nimhesabu wa ishirini?"

Kicheko kikakatika. "Mzee, ulimi huo utakunyonga." Akanionyesha mti uliokuwa na kamba mbili. "Kidonda kikimuua hata mmoja, kamba ya tatu ni yako."

Nikawatahiri asubuhi ile ile.

Sasa, katika ukoo wetu ngariba akitia kisu, mkewe huwasha moto nyumbani. Moto ule haufi, na mwanamke halali nje ya nyumba ile, mpaka vidonda vikauke na mumewe arudi auzime kwa mkono wake. Ukifa kabla, vidonda huoza. Nilifundishwa hivyo na baba, nami nikamfundisha mke wangu Sikuzani nilipomwoa. Siku nachukuliwa aliniuliza mlangoni, "Baba Esha, hata kwa hawa niwashe?" Nikamjibu, "Damu ni damu." Neno lile lingenikwama kooni ningeshukuru.

Wiki ya tatu vidonda vilianza kukauka. Nilikuwa namfunga dawa kijana mmoja mcheshi, tuliyemwita Sijaona kwa vile alifumba macho siku ya kisu. Akaniambia, "Ngariba, tuponye pole pole bwana. Tukiweza kutembea tu tunapandishwa Newala. Tunachoma vijiji na maghala, watu wasipate cha kuwapa waasi."

"Mnyambe pia?"

"Ndiko tunakoanzia."

Nikamkimbilia Shaushi anipe ruhusa nikamtoe mke wangu. Akanipeleka kwa bwana mkubwa, Mjerumani, ambaye alikuwa anakula yai. Hakugeuza hata shingo. Alisema neno moja la kwao, nami sikuhitaji mkalimani.

Kaka yake Sikuzani, Lukmani, alikuwa ameleta unga ambao vijiji vilitozwa. Nikamtuma yeye akamwambie auzime moto, atoke. Alirudi siku ya tano, peke yake, miguu imevimba.

"Esha nimemwacha Kitangari kwa bibi yake," akasema.

"Na mama yake?"

"Amekataa. Nilimweleza yote, mpaka habari ya kamba. Hapo ndipo nilipoharibu, shemeji. Akasema, 'Nikitoka moto ukafa, kidonda kikaoza, atanyongwa nani? Mwambie aje mwenyewe auzime.'"

"Hukumwambia ni mimi niliyesema azime?"

"Nilimwambia! Akanijibu kwamba mume yeyote anayempenda mkewe angesema hivyo hivyo."

Kesho yake askari wakaondoka, na wale kumi na tisa wamo, wanatembea vizuri. Mimi niliachwa kambini na mlinzi mlangoni.

Waliporudi, Sijaona hakuwa na mzaha tena. Alikaa mbali nami kidogo.

"Mnyambe watu walishakimbia," akasema. "Nyumba moja tu ilikuwa inatoa moshi. Tukamwambia mama yule atoke. Akauliza ngariba wetu ni nani, tukakutaja. Akauliza, 'Mmepona?' Tukacheka. Tukamwambia tumepona. Akasema, 'Basi mwacheni aje auzime,' akakaa chini mbele ya mafiga."

"Hukumvuta mkono?"

"Bwana mkubwa alikuwa anatutazama. Tukatia paa moto."

"Hamkumwaga hata maji?"

"Maji gani, ngariba? Mtungi ulikuwa mtupu. Kwenu si mpaka mtu ashuke bondeni, alale huko? Naye alikuwa hashuki."

Watu huniambia Sikuzani aliuawa na mila za kizee. Nawakatalia. Shaushi aliamriwa, Sijaona aliamriwa, na aliyeamuru alimaliza yai lake. Moto wa mke wangu ulikuwa wa kuponya. Wa kuchoma waliuleta wao.

Mwezi uliofuata wakaletwa vijana wengine kumi na wawili wenye magovi. Nikawatahiri. Bunduki haibishiwi. Huko juu hakukuwa na nyumba wala mafiga, na hakuna mtu aliyewasha chochote. Kila asubuhi nilifungua vitambaa vyao nikitafuta usaha. Naapa niliutaka ule usaha, uwe shahidi wa moto wa Sikuzani, kamba na iwe kamba. Nilinusa kila kidonda.

Wakapona wote kumi na wawili.