Jino Lililotangulia Kufika

Dada wa mapokezi alikuwa ameshafuta vumbi mezani, amewasha feni na kulipatia jino namba yake. Lilikuwa limekaa kwenye benchi la kusubiria, upande wa dirishani: jino la mbele la juu, na kofia yake kichwani, mzizi umepasuka kutoka shingoni hadi nchani, skrubu ya chuma ikichungulia kwenye ufa. Daktari alilitazama akiwa bado na mkoba begani, akauliza hili nalo la nani. Dada akajibu kwamba hajui, amelikuta alipofungua mlango, ila lisogezwe kidogo maana watu wanakuja.

Meno ya namna hiyo yalikuwa na kawaida ya kufika kabla ya wakati. Lilikuja kwanza jino, limeshapasuka, na mwenyewe bado analo mdomoni, zima, anatafunia mifupa. Mwaka hivi ukipita, mwenyewe naye alikuja kashika shavu, na daktari akang'oa lilelile. Mwanzoni walikuwa wakiyatupa. Yalirudi asubuhi yakiwa yamelowa, ikaonekana ni kujisumbua bure, wakayaacha yakae. Wagonjwa waliyazoea. Mama mmoja aliyafunika kwa leso yake feni ilipozidi.

Kilichoyapasua daktari alikijua vizuri. Jino likishatolewa mshipa na kujazwa, kama sehemu ya juu imekwisha, huwekewa nguzo ndogo ndani ya mzizi ili kofia, yaani kichwa cha bandia cha jino, ipate pa kushika. Iko nguzo ya nyuzi za kioo, ambayo hugandishwa kwa gundi na kupinda kidogo pamoja na jino mtu anapouma. Skrubu ya chuma haipindi hata chembe, kwa hiyo jino ndilo linalopasuka. Ila kwenye picha ya eksirei skrubu hung'aa nyeupe pee, na ile ya nyuzi huonekana kwa mbali tu, kama ukungu. Bosi, mwenye kliniki, alitaka mgonjwa aone kitu. Kila jioni alizipitia picha zote mwenyewe, kakunja uso. Daktari aliyekuwepo zamani aliweka za nyuzi kimyakimya, na picha zikamsema. Siku hizi anauza miwani.

Mgonjwa wa kwanza siku hiyo alikuwa mjomba wake daktari. Ndiye aliyemlea baada ya wazazi kufariki, akamsomesha kwa tarumbeta, akipuliza kwenye kila arusi na kila msiba uliomwita na kurudi nyumbani midomo imevimba. Juzijuzi aliteleza bafuni, jino la mbele likakatika. Mshipa ulikwisha kutolewa. Leo ilikuwa siku ya nguzo. Bila jino hilo midomo ingekosa pa kuegemea, na tarumbeta ingebaki pambo la ukutani. Mjomba hakuwa na kazi nyingine, wala hakuitaka.

Aliitikia shikamoo ya mpwa wake, akakaa kando ya jino na kulisalimia kwa kichwa. Kisha akainama. Shingoni, ufa ulipoanzia, palikuwa na baka la kahawia, lilelile ambalo daktari alikuwa akiliona tangu utotoni kila mjomba alipocheka.

"Kumbe ni langu," mjomba alisema.

Daktari alimwingiza chumbani, akafunga mlango, akatoa kwenye mfuko wa koti nguzo ya nyuzi aliyoinunua mwenyewe. Alimweleza kwa sauti ya chini kwamba hii itapinda, haitampasua. Mjomba akauliza bosi atasemaje. Daktari akasema hilo si neno, kazi zipo tele, na yeye mwenyewe alisikia jinsi maneno yalivyokosa nguvu.

"Watoto wako wanasoma, mwanangu," mjomba alisema. "Weka chuma."

Angeweza kukataa. Angeweza kuiweka ile ya nyuzi na kuisubiri jioni ije na lake. Aliirudisha mfukoni, akahisi nafuu, na nafuu hiyo ilimuuma kuliko kitu chochote alichowahi kukifanya kando ya kiti kile cha wagonjwa. Aliikaza skrubu taratibu, akaacha kabla haijalia kwa kubana, ingawa alijua haitasaidia. Picha ilitoka imeng'aa. Bosi, aliyekuwa akipita kwenye ujia, alichungulia, akampigapiga begani na kumwambia hiyo ndiyo kazi.

Mjomba alisukutua, akajifuta mdomo. Alikwenda mwenyewe kwenye benchi, akalichukua lile jino lililopasuka na kumletea.

"Nina muda gani?"

Daktari aliligeuza chini ya taa, akaufuata ufa kwa ukucha. Alikuwa amechoka, na hakutaka kumdanganya.

"Mwaka, mjomba. Ukipuliza polepole, mwaka na kidogo."

Mjomba alilipokea jino lake.

"Sijawahi kupuliza polepole," alisema.

Alilitia jino kwenye mfuko wa shati ili lisiwajazie watu benchi, akaambiwa arudi wiki ijayo kuvalishwa kofia, akaaga. Dada wa mapokezi aliita namba inayofuata. Ilikuwa ya mwalimu mmoja mwenye sauti nzuri, jino la mbele, mshipa umeshatolewa. Daktari alinawa mikono, akavuta droo ya skrubu.