Pampu Isiyolia

Katika daftari la fundi Sosthenes kila kazi ilikuwa na mstari wake. Kabureta kutolewa: tiki. Nozeli nne kufungwa: tiki. Bomba la kurudisha mafuta tangini: tiki. Pampu ya umeme: tiki. Hata hivyo, kwa siku ya tatu sasa, gari la mashindano la Juliana lilizungushwa starta bila kuwaka, pale gerejini Ilomba.

Sosthenes alikuwa amechoka, uchovu wa mtu anayerudia kazi ileile bila kujua kosa lilipo. Kwa miaka kumi na minane alilirekebisha gari hilo kwa sikio. Juliana akienda kushindana kwenye joto la Usangu au baridi ya Iringa, Sosthenes ndiye aliyebadilisha jeti, vile vitundu vya kupitishia mafuta kwenye kabureta, mpaka mlio utulie. Mwaka jana daktari alimweleza kwamba sauti nyembamba zimemtoka masikioni na hazitarudi. Hakumwambia mtu. Alimshauri tu Juliana wahamie mfumo wa sindano, ambao kompyuta yake hupima mafuta yenyewe. Gereji ingeendelea kuishi, mradi watu wasijue.

Mchana huo Juliana alifika kutoka Iringa.

"Kamwene, fundi," alisalimu kwa lugha ya kwao. "Mgonjwa wangu ameamka?"

"Amelala bado. Umemzoesha kudeka."

"Mimi, au wewe uliyekuwa ukimbembeleza kwa bisibisi?"

Akaketi kwenye usukani, akafungua swichi, akasikiliza. Akaifunga, akaifungua tena.

"Fundi, pampu hii si hulia kidogo ukifungua swichi?"

"Hulia."

"Mbona hailii?"

Sosthenes alilitazama daftari. Siku tatu alikutana na ukimya huo, na kila mara aliyalaumu masikio yake, akatia tiki. Hakuwaza kwamba safari hii yalikuwa yakimwambia kweli.

"Hata ingelia," alisema taratibu, "nisingeisikia."

Juliana aliifunga swichi. "Kwa hiyo kabureta tumeitoa kwa ajili ya gari, au kwa ajili yako?"

"Gari litafaidika. Lakini nilijifikiria mimi kwanza."

"Ungeniambia, baba."

"Ungeendelea kuniletea gari?"

Juliana alishuka, akainua kiti cha nyuma. "Nimekuja leo, si ndiyo? Nionyeshe waya za pampu."

Waya wa athi, unaorudisha umeme kwenye bodi, ulikuwa umefungwa juu ya rangi, kwa hiyo umeme haukupita. Sosthenes alipiga msasa mpaka bati likang'aa, akakaza bolti, akaweka kiganja juu ya tangi. Juliana akafungua swichi, akanyoosha kidole kimoja: inalia. Kiganjani ulipita mtetemo mdogo. Starta ilipozunguka mara ya pili, injini ikashika, ikatulia yenyewe bila kuguswa na bisibisi.

"Dereva mwenzangu Ezekia naye ana gari la kabureta," Juliana alisema. "Nimwambie aje?"

Sosthenes aliketi juu ya tairi kuukuu.

"Mwambie. Ila mweleze kwanza habari za masikio."

Kisha akafungua daftari, akaifuta tiki ya pampu, na mahali pake akaandika kwa mwandiko ulionyooka: Amesikia Juliana.