Shimo Uani kwa Janepher

Janepher hakuwa mwongo kwa tabia, na ndiyo maana siku aliyosema uongo aliusema vibaya. Ilikuwa Jumatano. Istar alimkuta uani akisimamia vibarua wawili wanachimba, akauliza shimo la nini.

"Ya takataka," alijibu Janepher.

Istar akalitazama shimo, akalitazama na bomba la maji lililokuwa hatua tano tu kutoka pale. "Takataka karibu na maji? Mama Kisakye, leo jua limekupiga," akasema, akarudi dukani kwake.

Kisakye ni binti wa Janepher, na Istar hakuwahi kumwita jirani yake kwa jina jingine tangu waanze kutumia ua mmoja pale mtaa wa Hai Amarat, ugenini kwao wote wawili, miaka sita iliyopita. Upande wa barabarani Janepher, Mganda wa Masaka, ana hoteli yake ya chakula. Upande wa nyuma Istar, Msomali wa Garissa, ana duka la jumla. Bomba ni moja. Jiko likizima huku, kaa la moto huombwa kule. Kila Ramadhani Istar hufuturu kwa sufuria za Janepher, wala hafunui kifuniko kuchungulia. Mapatano yao yalikuwa mafupi: nguruwe haingii uani. Janepher aliyashika miaka yote hiyo, ingawa wateja wa Kampala walimlilia sana.

Na sasa shimo lile lilikuwa la nguruwe.

Aliyeleta balaa ni Kundi, fundi wa mradi wa maji, mtu mfupi mwenye kifua cha pipa, mzaliwa wa Papua Guinea Mpya, huko mbali kwenye bahari ya Pasifiki. Yeye na wenzake walitaka kusherehekea uhuru wa nchi yao Jumapili ile ya Septemba, kwa chakula cha kwao: shimo, mawe ya moto, majani ya migomba, viazi vitamu na nguruwe mzima.

"Kwetu bila nguruwe hujala, umeonja tu," alisema kwa Kiingereza chake cha harakaharaka. Wakishiba vizuri, aliongeza, kambi yao yote ya watu thelathini itahamia kula kwa Janepher.

Ulimi hauna mfupa. Janepher alisema ndiyo kabla hajauuliza moyo wake. Alijifariji kwamba Jumamosi Istar angeenda mpakani Nimule kupokea mzigo, na akirudi Jumatatu angekuta shimo limefukiwa na ua umefagiwa. Lakini usingizi ulimpaa, na ugali wa Alhamisi uliungua, jambo ambalo wateja walilizungumza hadi jioni.

Alhamisi hiyohiyo alikuja Vavine, mwenzake Kundi, kukagua majani ya migomba yaliyotoka kwenye malori ya matoke. Janepher akamuuliza, kwa kupitisha maneno tu, kama wote wanapenda sehemu ya mafuta.

"Wote akina nani?" Vavine alicheka. "Nchi yetu ina lugha zaidi ya mia nane. Kundi ni wa milimani, huko mtu hupimwa kwa nguruwe zake. Mimi ni wa pwani ya kusini, mimi nipe samaki kwa tui la nazi. Watu wa mto Sepik wanakula unga unaotoka ndani ya mti. Na mwenzetu Elisha ni wa kisiwa cha Bougainville, halafu ni Msabato. Nguruwe hamgusi. Hata kambare hali."

"Mbona Kundi hakuniambia?"

"Kundi akisema 'kwetu' ana maana ya bonde lake."

Janepher aliona aibu. Kuuliza si ujinga, na yeye hakuuliza. Yeye, ambaye senene wake, panzi wa kukaanga, huwakimbiza Waganda wenzake wa kaskazini mezani, alidhani nchi nzima ina tumbo moja! Na kwa ajili ya tumbo hilo alikuwa amemdanganya mtu aliyekula mkononi mwake miaka sita bila wasiwasi.

Ijumaa, Istar aliporudi kutoka msikitini, Janepher alimfuata hadi mlangoni.

"Dada, mimi iko na neno. Ile shimo si ya takataka. Ilikuwa ya nguruwe. Mimi nilidanganya wewe. Malesh sana. Nguruwe haiingii tena."

Istar aliweka mkono kwenye mlango. "Miaka sita nakula kwako bila kuuliza," akasema. "Sasa unataka nianze kuuliza?" Akaingia ndani, akafunga mlango taratibu. Afadhali angeubamiza.

Kwa Kundi Janepher alikwenda akitarajia kelele. Kundi alimsikiliza, kisha akauliza kitu kimoja. "Huo uwanja ni wa nani?"

"Wetu sote wawili."

"Na mwenzako hakuulizwa?" Uso ulimbadilika. "Mama, kwetu hatuchimbi ardhi mpaka mwenye ardhi akubali. Watu wamepigana vita kwa dogo kuliko hili. Ungeniambia mapema, nisingepata aibu hii." Nguruwe wake akampeleka kambini, mtaa wa Hai Mauna, akasema Istar akikubali, uani watapika mbuzi.

Mbuzi, ili awe halali, alichinjwa na Mahad, kaka yake Istar, aliyeleta ruhusa ya dada yake bila salamu. Jumapili asubuhi Kundi aligongagonga mawe ya mlima Jebel moja moja, akayatupa yale yaliyolia vibaya, kwa kuwa hayo hupasuka motoni. Vavine na Elisha walipanga nyama, viazi na majani, wakafukia, wakaimba nyimbo tatu za lugha tatu. Istar hakuwa amekwenda Nimule, ila mlango wake ulikuwa umefungwa, na Janepher hakuacha kuutazama.

Shimo lilipofunuliwa, Kundi aligawa chakula mafungu mafungu juu ya majani, wazi, kila mtu aone. Huko milimani fungu huitwa kwa jina la mwenyewe. Akasimama, akavuta pumzi.

"La kwanza," aliita, "la Istar, mwenye uwanja!"

Mlango haukufunguka. Elisha akakohoa. Janepher alitamani ardhi immeze, na shimo lilikuwepo tayari.

Mlango ukafunguka. Istar akatoka na shela yake ya Ijumaa, akaketi kwenye mkeka mbele ya fungu lake. Hakuuliza kitu. "Bismillahi," akasema, akamega, akatafuna polepole huku watu wote wakimkodolea macho kinywani.

"Chumvi kidogo," akatamka.

Kisha akachagua mnofu mkubwa kuliko yote, akamsogezea Janepher mdomoni. "Fungua, Mama Kisakye. Hii tunatupa kwa shimo ya takataka."

Janepher akafungua mdomo, akala, akacheka na kulia kwa pamoja, na mchuzi ukamchuruzika hadi kidevuni.